Humu Mna Mtu Mmoja Tu

Wiki moja ya mwezi wa pili niliua watu wengi kuliko wateja wote niliowahi kuwauzia leso maishani mwangu, na niliwaua nimekaa kwenye sofa, Brooklyn Center, huku ughaibuni, mguu mmoja juu ya mto na mfuko wa barafu umefungwa gotini. Mimi huyu Mahfudh, mtu wa miaka arobaini na minne, ambaye hata kuku wa Idd namwachia mwingine amchinje. Mke wangu Faiza akienda dukani kwake asubuhi aliniachia chupa ya chai na dua ya mgonjwa. Hakujua kwamba mgonjwa mwenyewe anangoja mlango ufungwe ashike bunduki.

Goti niliumia kweli, hilo nisisingiziwe. Niliteleza kwenye barafu huko Woodbury nikishusha vipuri vya magari, na daktari akanipa siku saba za kukaa nyumbani. Lakini gemu halikuwa langu. Lilikuwa la binti yangu Nasreen, miaka kumi na miwili, mtoto mwenye adabu zake zote isipokuwa hiyo. Ni gemu la kijeshi. Unaona kwa macho ya askari, bunduki iko mbele yako kana kwamba umeishika wewe, na unatumwa misheni moja baada ya nyingine, nchi hadi nchi, mpaka vita viishe. Nasreen anaiita campaign. Mimi nikisikia kampeni nafikiria fulana za bure na spika juu ya gari.

Kila Jumamosi baada ya adhuhuri Nasreen hucheza misheni mbili tatu, na mamangu, Bi Fatimah, hukaa ubavuni pake kwenye sofa kumtazama. Mama haelewi kitu ila anapenda mjukuu wake akishinda. Hukaa na makubadhi yake miguuni. Nyumba yetu viatu vya nje huachwa mlangoni, kila mtu ana sapatu zake za ndani, na mama za kwake ni makubadhi ya kiume, ya ngozi, yaliyomzidi miguu kiasi kwamba nyuma ya kisigino panabaki nafasi ya vidole viwili. Mara tatu nimemnunulia sapatu za manyoya na mara tatu amezigawa. "Haya yangu yanitosha," husema. Nikimtania kwamba anatembea kama bata, hunitazama tu asijibu. Nilikuwa nimejiambia kwamba ni ya ndugu yangu Jumaa, kwa hivyo utani wangu ulikuwa mfupi.

Jumamosi ile kabla ya kuanguka kwangu, Nasreen alimaliza misheni ya nane akaweka pad ya kuchezea chini.

"Bibi, guess what. Kuna mission moja mbele, people are speaking Swahili. For real. Ni ya eleven."

"Kiswahili cha wapi?" mama akauliza.

"I don't know. Next Saturday tutaona."

"Basi Jumamosi nitakuwapo," mama akasema, akicheka. "Nisikie wanavyotukanana."

Chai ikanipalia. Faiza akanipiga mgongo, akaniambia ninywe polepole, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Miaka mitatu nyuma niliona tangazo: studio moja hapa Saint Paul inatafuta watu wanaozungumza Kiswahili, kwa ajili ya gemu. Mimi tangu utotoni Mungu kanipa kipaji kimoja cha kipumbavu, kuiga sauti za watu. Nikaenda. Wakanifungia katika kijichumba chenye kioo, na ng'ambo ya kioo jamaa mmoja mwenye kofia akawa ananipa hali: wewe ni muuza samaki, wewe ni mlinzi, umepigwa risasi ya tumbo. Nikanadi samaki, nikalinda, nikafa mara sita kwa mitindo sita. Mwisho akasema, askari wanaingia kwa nguvu nyumbani kwa mtu, kuna mama mzee, je, atasema nini?

Ningeweza kusema lolote. Ningesema jamani, ningesema yallah, na yule bwana asingejua tofauti. Lakini nilikuwa nimesifiwa siku nzima na kichwa kilikuwa kimevimba. Nikafumbua mdomo, ikatoka sauti ya mamangu, yenyewe, na mtetemo wake: "Vueni viatu, wanangu. Humu mna mtu mmoja tu, anaswali."

Jamaa akainua kidole gumba. Akataka nirudie mara tatu, nikarudia mara tatu. Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Maneno hayo mamangu aliyasema mara moja tu, Mombasa, miaka kumi na minne iliyopita, alasiri. Hajayarudia kwa mtu yeyote. Aliwaambia watu wanne wenye bunduki na nguo za kawaida, ambao mpaka leo hatujui walitumwa na nani. Jumaa, mdogo wangu, alikuwa chumba cha ndani anaswali. Na mimi, kwa hadithi ambayo nimeisimulia kwa kila mtu mpaka kwa Faiza kabla sijamwoa, nilikuwa sokoni kwenye kibanda changu cha leso.

Uongo. Nilikuwa darini, juu ya vichwa vyao.

Nilikuwa nimerudi kuchukua mzigo wa leso tuliouweka kule juu. Mama alikuwa uani anapika. Nilikuwa na haraka, hata kumwamkia sikumwamkia. Nikavua makubadhi mlangoni kama ilivyo ada, kando ya yale ya Jumaa, sare moja, tuliyoshonewa na fundi mmoja kwa Idd moja. Nikapanda ngazi. Nikasikia gari, kisha mlango ukipigwa teke bila hodi, kisha nyayo za mama akija mbio. Sauti ya mwanamume ikauliza, "Kijana wa nyumba hii yuko wapi?" Haikutaja jina. Na vijana wa nyumba ile tulikuwa wawili.

Mama akasema maneno yake. Mimi nikalala kifudifudi juu ya leso, nikauma pindo la moja, nikanyamaza. Sikuwa mtoto, nilikuwa na miaka thelathini. Ngazi ilikuwa palepale. Wakamchukua Jumaa, na tangu hapo hatujamwona wala hatujaonyeshwa kaburi. Walipoondoka nilitokea dirisha la nyuma, peku, kwa sababu makubadhi yangu yalikuwa mlangoni na mlangoni alikuwa amekaa mama analia. Nikanunua kandambili njiani, nikarudi sokoni, na jioni nikaja na watu walioniletea habari, nikalia nao. Makubadhi yangu sikuyaona tena. Sikuuliza. Ningeulizaje, na mimi nilikuwa sokoni nimeyavaa?

Basi hiyo ndiyo hofu yangu ya ile Jumamosi. Mama akiisikia sauti ile, atajua nimeuza kilio chake kifanywe mchezo. Hilo peke yake lingetosha kunivua nguo. Lakini pia atajua nilikuwamo, kwa sababu walioyasikia maneno yale ni yeye, Jumaa, wale wanne, na aliyekuwa darini.

Nikajipa moyo kwamba huenda waliyakata maneno yale. Wanarekodi mengi, wanatumia machache. Ilinibidi nihakikishe kabla ya Jumamosi, na njia ilikuwa moja, kulicheza gemu lenyewe kutoka mwanzo mpaka misheni ya kumi na moja. Yakiwamo, ningeimwagia mashine ya gemu chai niseme imekufa.

Kwa mama, nilipata mwanya wa kituo cha wazee. Gari linamchukua saa tatu asubuhi na kumrudisha saa nane. Faiza dukani, Nasreen shuleni. Saa tano za siku zilikuwa zangu.

Siku ya kwanza nilikuwa kituko. Nilitazama dari, nilitazama viatu vyangu, nilirusha bomu likaangukia miguuni pangu. Wenzangu wa ndani ya gemu walinipigia kelele kwa Kiingereza kwamba nisogee, nami nikawajibu kwa sauti kwamba wasinifokee, nina umri wa baba zao. Siku ya pili nilivuka jangwa. Siku ya tatu nikapewa nishani, na mtu wa gemu akanipigia saluti, nami nikajikuta nimenyoosha mgongo.

Gemu lile lina somo moja kubwa: mlango ni wa kupigwa teke. Ukisita unakufa. Mimi niliyefunzwa kupiga hodi mara tatu, na nisipoitikiwa nirudi nilikotoka, kufikia Alhamisi vidole vyangu vilijua kazi bila kuniuliza. Teke, ingia, risasi mbili, kushoto, kulia. Nitasema na hili nimalize aibu yote kwa pamoja: nilifurahi. Alhamisi nilimpiga mtu anayekimbia, nikacheka peke yangu sebuleni. Goti lilikuwa limepoa tangu Jumatano, lakini nilimpigia msimamizi wangu simu nikaguna kama mgonjwa mahututi. Nilikuwa nimeanza kwa ajili ya mama na sasa nilikuwa sitaki ahirisho hata la kula.

Ijumaa theluji ilianguka tangu alfajiri. Swala ya Ijumaa niliikosa kwa udhuru wa goti, goti lililokuwa linapanda ngazi vizuri kabisa. Saa sita hivi nikaingia misheni ya kumi na moja.

Mji wenyewe ulichorwa na mtu aliyeona picha tatu za pwani kisha akachoka. Msikiti uko katikati ya njia, mabuibui yanafanana na magunia, na kila ukuta una tundu la risasi hata kabla hatujafika. Nikaongeza sauti ya televisheni mpaka mwisho ili maneno yasifunikwe na bunduki. Nikasikia mtu ananadi samaki. Ni mimi! Wallahi nilitabasamu. Nikasikia mlinzi akipiga kelele, mimi tena, nikamuua. Nilijiua mara nne katika uchochoro mmoja.

Kisha mlango wa mbao. Wenzangu wakajipanga ukutani, mmoja akanipa ishara kwa kichwa. Teke.

Mama mzee amejitanda leso, mikono juu. "Vueni viatu, wanangu. Humu mna—"

Vidole vilikuwa vimeshafyatua. Mbili, kama nilivyofunzwa. Sauti ikakatika katikati, sauti yangu, sauti ya mamangu, na skrini ikawa nyekundu ikaniandikia kwamba nimeua raia, nirudie. Haikunikasirikia. Ilinirudisha tu mlangoni, na mlango ulikuwa mzima, umefungwa.

Mtu mwenye akili angezima hapo, maana nilichokitafuta nilikuwa nimekipata. Mimi nikapiga teke tena. Safari hii nilizuia vidole, nikamsikiliza mpaka mwisho, na wakati nimemtumbulia macho mtu akainuka chumba cha ndani, kwenye mswala, na bunduki mkononi, akaniua. Kumbe ndivyo walivyoitunga. Wa kwenye mswala alikuwa mtu mbaya kweli. Unatakiwa umpite mama, umpige yule kabla hajasimama wima.

Mara ya tatu nikapiga teke. Mama akasema maneno yake. Nikampita. Nikampiga yule wa kwenye mswala akiwa bado amepiga magoti, na gemu likasema misheni imekamilika.

"Mama huyu hapa, chef!"

Nilishtuka pad ikaniponyoka. Mlangoni alisimama Rigobert, Mkongomani anayeendesha gari la kituo, ambaye kwake kila mtu ni chef, yaani bosi, mabega yamelowa theluji. "Kituo kimefunga mapema, neige, theluji, imekuwa mingi. Nimegonga, nimegonga, televisheni inapiga makelele, mama akafungua na ufunguo yake." Akacheka, akaniaga, akaenda zake.

Mama alikuwa nyuma yake, na koti lake na mabuti yake ya theluji. Sijui walikuwa wamesimama pale kwa muda gani. Nilizitazama buti zake. Theluji yake ilikuwa imeshayeyuka juu ya mkeka.

"Irudishe pale mlangoni," akasema.

"Mama, ni gemu la Nasreen tu, mimi nilikuwa..."

"Nimesema irudishe."

Nikairudisha. Sikujua pa kuuweka uso wangu. Mlango ukavunjika, mama wa kwenye televisheni akainua mikono akasema, na mamangu akasikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza matangazo ya vifo redioni. Mimi sikugusa kitu. Yule wa kwenye mswala akainuka akaniua, na kila kitu kikanyamaza.

"Ni wewe huyo," mama akasema. Halikuwa swali.

"Ni mimi, mama."

"Na maneno uliyapata wapi?"

Na hapo, Mungu anisamehe, bado nilijaribu. "Nilihadithiwa na majirani. Baadaye."

"Majirani gani?"

Nikatafuta jina la jirani.

"Mahfudh," akasema polepole. "Mle ndani hamkuwa na jirani."

Akakaa kwenye stuli ya mlangoni, akafungua zipu ya buti moja, kisha ya pili. Sikwenda kumsaidia, na kila siku humsaidia. Akayavuta makubadhi yake kutoka chini ya rafu, akayavaa, akaja akakaa kwenye sofa mahali pake pa Jumamosi.

"Umeniiga vizuri," akasema. "Hata lile 'mmoja tu' hukulisahau. Hukujiuliza hata siku moja kwa nini niliwaambia mmoja?"

"Ulidhani niko sokoni."

"Nilitoka uani mbio, nikafika mlangoni, nikaona jozi mbili." Akanyoosha miguu mbele, makubadhi yakaning'inia kwenye vidole. "Wameshavunja mlango, wananitazama usoni, bado hawajatazama chini. Nikatia miguu katika jozi moja. Nikawaambia wavue viatu, na mimi mwenyewe nimesimama ndani ya nyumba yangu nimevaa viatu. Wangekuwa watu waliolelewa wangeshangaa. Hawakushangaa. Waliona jozi moja ya kiume, wakataka mtu mmoja."

Nje gari la kusukuma theluji lilipita likikwaruza njia. Nilingoja lipite, kwa sababu sikutaka kuuliza kwa sauti.

"Na ya Jumaa?"

"Jumaa niliwaomba wasimtoe peku. Wakamwachia avae ya kwake." Akayatazama yale aliyoyavaa. "Haya ni yako."

Miaka kumi na minne. Ameyavaa Mombasa, ameyavaa uwanja wa ndege, ameyavaa humu ndani kila siku ya Mungu, nami namtania kwamba anatembea kama bata. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Si haya ya gemu. Hata ya darini ilikuwa imeshapitwa.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nikuambie nini? Nilikuwa nakungoja. Mtu akipoteza viatu huuliza. Nikasema nitayavaa mbele yake, iko siku ataniuliza, mama, makubadhi yangu yako wapi? Nami nitamwambia, haya hapa, mwanangu, na tutalia mara moja yaishe." Akayavua, moja, la pili. Akainama kwa shida akayapanga sakafuni mbele yangu, ncha zikielekea mlangoni, kama tunavyompangia mgeni anayeondoka. "Kumbe nilikuwa nangoja nisikie kwenye televisheni."

Akasimama. Alasiri ilikuwa inakaribia. Akaenda kutawadha peku, mkono ukipapasa ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu aje nchi hii sikusikia nyayo zake.

Kwenye skrini gemu lilikuwa limenirudisha mlangoni, mlango mzima, wenzangu wamejipanga, wananingoja nipige teke. Nikatia mguu mmoja, kisha wa pili. Ngozi ilikuwa bado na joto lake. Yalinienea.